Waya wa Kwanza wa Dobi

Mtaani kwetu yuko dobi mmoja ambaye huwezi kumpa shati lenye doa ukaondoka hivi hivi. Atalikunjua shati lako mbele ya watu. Atalisogeza kwenye mwanga. Kisha atakuuliza, "Doa la nini hili? Limeingia lini? Na wewe umeshalifanyia nini?"

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Kazi yangu ni kufundisha watu wazima kusoma. Asubuhi moja nilimpelekea shati lenye wino mfukoni. Nikamwambia, "Nimelisugua kwa sabuni na maji ya moto, lakini doa halikutoka."

"Mwalimu," akasema, "hukulitoa doa. Umelipika. Sasa limeiva."

Mkewe alikuwa akipiga pasi karibu na dirisha. Alicheka mpaka akaiweka pasi chini. Yeye tunamwita Mama Pasi. Binti yao mkubwa hufua na kuanika. Na dobi mwenyewe tunamwita Mzee Kivuli. Jina hilo hakupewa bure.

Nguo ya rangi ikianikwa juani hupauka. Kila dobi analijua hilo, ila si kila dobi ana pa kuianika. Mzee Kivuli anapo. Uani kwake kuna mti mkubwa, na matawi yake yametanda mpaka juu ya ukuta wangu. Chini ya mti ule upepo hupita, lakini jua haliingii. Nguo nyekundu hutoka pale ikiwa nyekundu vilevile.

Ndiyo maana bendi ya tarumbeta ya mtaa wetu haipeleki makoti yake kwingine. Ni makoti mekundu yenye vifungo vya shaba. Bendi ikipita barabarani, sisi wa mtaa huu hunyoosha shingo na kuwaambia wageni, "Makoti yale yamekauka kwetu." Hata mimi husema hivyo, ingawa sijawahi kufua hata moja.

Kwenye tawi la upande wa barabara, karibu na ukuta wangu, palikuwa na waya. Mzee Kivuli aliufunga siku ile alipoanza kazi, akiwa kijana mwenye karai la kuazima. Kamba za nailoni zilikuja zikachakaa zikatupwa. Waya ule haukuguswa. Ulipolegea, aliukaza kwa koleo ili nguo zisiguse chini. Wateja wapya walionyeshwa waya kabla hawajaonyeshwa pa kukaa.

"Huu ndio uliotulea," alikuwa akisema, na kuupigapiga kwa kidole.

Matatizo yalianzia kwenye shuka jeupe. Binti alilianua, akalishika, kisha akanusa vidole vyake.

"Baba, shuka linanata."

"Watoto wa jirani na peremende zao," baba yake akajibu.

Watoto wakagombezwa. Kesho yake shati likanata, na keshokutwa gauni. Halafu yakaonekana masizi meusi juu ya majani, na misururu ya sisimizi ikipanda na kushuka kwenye shina. Mzee Kivuli alipowaona sisimizi alifurahi, maana mwizi kapatikana. Alikwenda dukani akanunua dawa ya kuulia mende. Akapulizia shina na matawi yote aliyoweza kuyafikia. Mama Pasi alifunga dirisha huku akikohoa.

"Baba Watoto, umemuuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Mti ni wangu, wadudu nimewaona kwa macho yangu."

Sisimizi walikufa. Baada ya muda wakaja wengine, na nguo zikazidi kunata. Kisha tawi lile la upande wa barabara likaanza kukauka, kutoka nchani kurudi nyuma. Majani yakawa ya manjano, yakaanguka. Jua likapata tundu la kupenya.

Mzee Kivuli aliongeza maji. Kila karai lililomaliza kazi alilimwaga shinani, pamoja na maji yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. "Mti huu hautajua kiu nikiwa hai," alisema. Alisema kwa upendo, tena upendo wa kweli. Lakini majani ya chini nayo yakaanza kuungua kwenye kingo.

Siku moja kiongozi wa bendi alirudisha koti. Hakufoka. Alilitandaza mezani, akaweka koti lingine kando yake. Bega la koti la kwanza lilikuwa limepauka. Lilikuwa na mchirizi wa rangi ya tofali, pale ambapo jua lilipenya.

"Mzee," akasema taratibu, "hili nalo limekauka kwako?"

Mzee Kivuli alilishika koti lile kwa muda mrefu. Nilikuwepo, nikamwona. Doa hutoka. Rangi iliyokwenda na jua hairudi. Alijua hilo kuliko yeyote kati yetu.

"Limekauka kwangu," akasema. "Nisamehe."

"Soko jipya litafunguliwa mvua zikiisha," kiongozi akasema. "Sisi ndio tutaongoza maandamano. Nataka kukuletea makoti yote, lakini wenzangu wanauliza maswali."

Alipoondoka, Mzee Kivuli aliingia ndani akakaa. Aliona aibu, na aibu yake ilikuwa nzito. Jina lake lote lilikuwa kivuli kile. Jioni akatangaza uamuzi wake.

"Mti unakatwa. Nimeshamwita mtu wa msumeno. Tutaezeka bati uani."

"Chini ya bati nguo zitaiva kama mikate," binti akasema. "Na upepo utapita wapi?"

"Mti umeoza, binti yangu. Unatuchafulia nguo na unatuchafulia jina."

Binti hakukubali. Kesho yake alikuwa akifua ovaroli moja ya kijani. Dobi humjua mtu kwa nguo zake. Ovaroli ile kila mara ilikuja na utomvu magotini na vumbi la mbao mfukoni. Mwenyewe alikuwa ofisa wa miti ya mjini, mama mmoja mrefu ambaye mtaani tulimwita Bibi Miti. Alisomea magonjwa ya miti, na bado alikuwa akipiga magoti chini kuitazama.

Alipokuja kuchukua nguo yake, binti alimshika mkono.

"Shikamoo, mama. Kabla hujaondoka, tusaidie. Mti wetu unakufa, na baba anataka kuukata."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

Mzee Kivuli alitoka na taulo begani. Hakupenda. "Mti wangu naujua," akasema. "Una sisimizi. Nimewapulizia dawa, hawaishi."

Bibi Miti hakubishana naye. Alisimama mbali na mti, akautazama wote, kuanzia juu mpaka chini. Kisha akauliza, "Umeona nini hasa, mzee? Kilianza lini? Na umeshaufanyia nini?"

Binti aliziba mdomo kwa mkono. Mama Pasi aliita kutoka dirishani, "Baba Watoto, hayo si maswali yako?"

Mzee Kivuli alitaka kukasirika, ikashindikana. Akatabasamu kidogo. "Ndiyo maswali yangu," akasema. "Doa usilolijua hulitoi. Haya, mama, uliza."

Akaeleza yote: nguo zinazonata, sisimizi, dawa ya mende, majani ya manjano na makarai ya maji. Bibi Miti alisikiliza mpaka mwisho.

"Tuanze na tawi lililokauka," akasema. "Unaona? Limekauka tawi moja tu. Mengine yana majani. Ingekuwa mti wote unanyauka, ningetazama mizizi kwanza. Tawi moja likikauka peke yake, tunalifuata lenyewe. Tunatoka penye ufu, tunarudi penye uhai. Ugonjwa mara nyingi unakaa pale mpakani."

"Mpaka utaujuaje?" binti akauliza.

"Kwa ukucha."

Ngazi ililetwa. Bibi Miti alimwambia Mzee Kivuli apande mwenyewe. "Kwaruza gome kidogo tu, pale nchani. Ndani pana rangi gani?"

"Kahawia. Pakavu."

"Pamekufa hapo. Rudi nyuma kidogo. Je, unaona matundu madogo? Unga wa mbao? Uyoga?"

"Hakuna tundu. Hakuna unga."

"Basi hatuna mdudu anayekula mbao kwa ndani. Angekuwemo, angeacha unga mlangoni kwake. Rudi nyuma tena, ukwaruze."

"Kahawia. Hapa tena kahawia." Mzee Kivuli alishuka ngazi hatua kwa hatua, akikwaruza kwa kucha zake zilizopaushwa na sabuni. Hata pasi ya Mama Pasi ilikuwa imesimama. "Kahawia. Hapa pamevimba. Na hapa..." Akasogeza uso karibu.

"Hapa vipi, baba?"

"Hapa pana kijani. Kijani kibichi kabisa."

"Na kati ya kahawia na kijani pana nini?" Bibi Miti akauliza.

Vidole vya Mzee Kivuli vilikuwa juu ya waya. Kitanzi chake kilikuwa kimezama ndani ya gome kama mshipi uliozama kwenye tumbo la mtu aliyenenepa.

"Pana waya wangu," akasema.

Mama Pasi alisema polepole, si kwa kumcheka, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Bibi Miti alimshikia ngazi ashuke. "Chini ya gome kuna njia," akamweleza. "Nyingine zinapandisha maji, nyingine zinateremsha chakula kutoka kwenye majani. Tawi hunenepa kila mwaka. Waya haunenepi. Na kila ulipoukaza, ulizidi kuzibana zile njia. Tawi halikufa siku moja. Limekabwa taratibu."

"Na sisimizi?"

"Njoo nikuonyeshe." Alimpeleka kwenye tawi lingine, la chini. Lilikuwa na vinundu vidogo vya kahawia, vimebanana. Miaka yote wao walidhani ni gome. Bibi Miti alibandua kimoja kwa ukucha. Chini yake palikuwa na unyevu.

"Huyu ni mdudu," akasema. "Amejifunika gamba lake, hatembei, kazi yake ni kufyonza utomvu. Anachotoa ni maji matamu. Ndiyo yanayodondoka kwenye nguo zenu. Yale masizi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Sisimizi anakuja kulamba, na kwa kuwa anapata cha kulamba, anamlinda. Sisimizi siyo mwizi, mzee. Ni mlinzi wa mwizi."

"Kwa hiyo nilimpiga mlinzi."

"Na uliwapiga polisi pia. Mlikuwa mnaona vidudu vya duara, vyekundu, vyenye madoa meusi mgongoni?"

"Tulikuwa tunaviona," binti akasema. "Siku hizi havipo."

"Vile hula hawa wenye magamba. Dawa ya mende iliviua, na wenye magamba wakabaki salama chini ya magamba yao. Tena dawa ile si ya mti, wala si ya mahali panapoanikwa nguo za watu."

Mzee Kivuli alikaa juu ya karai lililofunikwa. "Niambie ukweli. Tawi limeuliwa na nani, wadudu au mimi?"

"Waya," Bibi Miti akasema. "Wadudu waliukuta mti umechoka, wakazidi. Anayekutwa msibani si lazima awe ndiye aliyeua. Na yale maji yenye dawa ya kung'arisha yameuchosha zaidi, yanaunguza mizizi. Lakini mti huu haujafa. Shina ni zima. Nyuma ya waya kuna kitawi kichanga chenye afya. Kata tawi lililokufa mpaka pale kilipo, ukiache kikue. Kitaziba pengo."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Mzee Kivuli alisimama wima. Aliingia ndani, akatoka na koleo. Alipanda ngazi, akaushika waya, akabaki pale.

"Ulitulea huu," akasema.

"Hata mtoto uliyembeba mgongoni, akikua unamshusha," Mama Pasi akamjibu.

Akaukata. Ule upande uliovuka ua ukaanguka chini kwa mlio mdogo. Kitanzi kilichozama hakukivuta kwa nguvu, maana Bibi Miti alimwonya kwamba angechana gome zima. Kingeondoka pamoja na tawi.

Mtu wa msumeno alifika na msumeno wake mkubwa na kamba nene, tayari kuangusha mti. Akaambiwa ni tawi moja tu. Alinuna kidogo, kisha akafanya kama Bibi Miti alivyomwelekeza. Alilifunga tawi kamba lisianguke ovyo. Akakata kidogo kutoka chini kwanza, ili gome lisichanike uzito ukishuka. Kisha akakata kutoka juu, mbele kidogo. Kisiki kilichobaki akakikata vizuri karibu na kitawi, bila kuacha kipande kirefu na bila kukwangua shina.

"Nipake rangi kwenye kidonda?" akauliza.

"Usipake kitu," Bibi Miti akasema. "Kidonda safi mti utakifunga wenyewe."

Sasa ikaja zamu ya wenye magamba. Bibi Miti alisema wanaweza kusuguliwa kwa brashi laini na maji ya sabuni ya kawaida. Mama Pasi alipolisikia hilo alitoka ndani na brashi yake ya kusugulia kola.

"Kabla binti hajanipokea karai, nilifua nguo za mtaa mzima," akasema. "Leo nafua mti."

"Sabuni kidogo tu," Bibi Miti akamwambia. "Jaribu kwanza kwenye majani machache, usubiri uone kama hayaungui. Fanya asubuhi kabla jua halijawa kali, halafu suuza kwa maji safi. Na urudie baadaye, maana vitoto vyao vitaanguliwa."

Mama Pasi alisugua tawi baada ya tawi, kwa mkono uleule mwepesi unaotoa uchafu bila kuchana uzi. Mti ule ulipata usafi ambao mashati yangu hayajawahi kuupata. Shinani walizungusha kitambaa, wakapaka grisi juu ya kitambaa, si juu ya gome, ili sisimizi wasipite.

"Kisikazwe," Mzee Kivuli akasema. "Kukaza tumeshakujua."

Wakasimamisha nguzo za chuma za kufungia kamba. Maji yenye dawa ya kung'arisha yakahamia kwenye mfereji wa maji machafu. Na binti akashona mashuka makuukuu yawe turubai, akaliziba lile tundu la jua kwa muda. Akamfuata kiongozi wa bendi mwenyewe. Akamwambia, "Njoo usimame chini uone kama jua linakugusa bega." Kiongozi alikuja, akasimama, akageuka huku na huku. Halikumgusa. Akaleta makoti yote.

Mvua zilikuja. Kitawi kichanga kilinyoosha mkono. Siku moja binti alimwita baba yake mbio mbio, na juu ya jani palikuwa na kidudu chekundu chenye madoa meusi, kikitembea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzee Kivuli alikitazama kwa heshima kama mteja mkubwa. Nguo ziliacha kunata.

Kitanzi cha waya kimetundikwa sasa kando ya meza ya pasi, na kipande cha tawi kilichokabwa kimo ndani yake. Wateja bado wanaonyeshwa kabla ya kuonyeshwa pa kukaa. "Huu ndio uliotulea," Mzee Kivuli huwaambia, "na huu ndio ulioukaba mti wetu. Yote mawili ni kweli." Watu wameanza kumletea matawi makavu ya miti yao. Yeye huyakwaruza kwa ukucha na kuuliza maswali yake. Asipojua, humwita Bibi Miti, wala haoni haya.

Siku ya kufunguliwa soko jipya, mtaa mzima ulijipanga barabarani. Bendi ikaja. Watu walicheza, watoto wakakimbia mbele ya ngoma kubwa. Mzee Kivuli alisimama langoni kwake katikati ya mkewe na binti yake. Muziki hakuusikiliza hata kidogo. Alikuwa akitazama mabega. Koti baada ya koti lilipita, na yote yalikuwa mekundu, wekundu mmoja. Kiongozi alipofika mbele ya lango aliinua tarumbeta yake juu, kisha akaendelea. Macho ya Mzee Kivuli yalilowa, na hakuyafuta.

Mgeni mmoja aliyesimama karibu nami akasema, "Makoti mazuri sana."

"Makoti yale yamekauka kwetu," nikamwambia.

Mzee Kivuli akageuka. "Kwetu wapi, Mwalimu? Wewe doa la wino bado unalo mfukoni."

Nikamwonyesha juu. Kile kitawi kilikuwa kimevuka ukuta, na kivuli chake kilikuwa kimeangukia uani kwangu. Mzee alikitazama, akakipima kwa macho kutoka shinani mpaka nchani, jani kwa jani.

"Haya," akasema. "Kwetu."